Mafuta ya harufu: yanasaidia wapi, na yanahatarisha wapi

Katika masoko na famasi za miji yetu ya mashariki, watu wengi wanauziwa vichupa vidogo vya mafuta yenye harufu kali: ya mkaratusi, ya lavanda, ya karafuu, ya mchaichai, ya mnanaa. Muuzaji mmoja husema yanaleta usingizi, mwingine husema yanaondoa kikohozi, na wengine huongeza malaria, sukari, shinikizo la damu na hata kansa. Kichupa ni kidogo, bei ni kubwa, na maelezo yameandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza kwa herufi ndogo sana.

Makala hii inaeleza mafuta hayo ni nini, ni faida gani zimepimwa, namna ya kuyatumia bila kujiumiza, na ni lini inafaa kuyaacha na kwenda kwa munganga. Wapendwa, isomeni polepole, na msomeeni pia asiyejua kusoma, hasa mama mwenye watoto wadogo.

Mafuta ya harufu ni nini?

Kichupa kikiandikwa «huile essentielle», maana yake ni mafuta ya harufu yaliyotolewa katika mmea: katika majani, maua, mizizi, gome la mti au ganda la tunda. Jina la mafuta linaweza kukudanganya. Haya si mafuta kama mawese au mafuta ya karanga. Yanaruka hewani kama petroli, yanashika moto, wala hayachanganyiki na maji.

Mengi yanatolewa kwa mvuke. Majani yanajazwa ndani ya pipa, mvuke wa maji moto unapita kati yake na kubeba harufu, kisha unapozwa ndani ya bomba lililozungukwa na maji baridi. Unapogeuka kuwa maji tena, mafuta yanaelea juu yake na kuchotwa. Anayejua namna kanyanga inavyopikwa, hata kama hainywi, ataielewa kazi hii upesi. Kwa machungwa na ndimu, ganda linakamuliwa tu.

Jambo la kwanza la kushika ni ukali wake. Ili kupata kilo 1 ya mafuta ya lavanda, inahitajika zaidi ya kilo 100 za maua. Kwa mafuta ya waridi, ni maelfu ya kilo za petali. Kwa hiyo kikombe cha chai ya mchaichai na kijiko cha mafuta ya mchaichai ni vitu viwili tofauti kabisa. Bibi zetu walichemsha majani machache katika sufuria ya maji. Kichupa kimebeba shamba zima.

Kazi hii si ya mbali na sisi. Visiwa vya Komoro vinajulikana duniani kwa mafuta ya maua ya ilangilangi, na kisiwani Pemba kuna kiwanda kinachotoa mafuta ya karafuu. Hapa Kivu mikaratusi imejaa milimani, ingawa wengi wanaipanda kwa ajili ya mbao na makala.

Neno aromatherapia lilitoka wapi?

Kutumia harufu kwa ajili ya afya ni jambo la kale, lakini neno aromatherapia ni la karne iliyopita. Mfaransa René-Maurice Gattefossé, aliyekuwa mkemia wa manukato, aliungua katika maabara yake mwaka 1910 na akatumia mafuta ya lavanda kwenye vidonda vyake. Mwaka 1937 alichapisha kitabu chenye jina hilo. Baadaye Jean Valnet, munganga wa jeshi la Ufaransa, aliandika kitabu kingine mwaka 1964, na njia hiyo ikaenea Ulaya na kwingineko.

Harufu inafanyaje kazi? Chembe ndogo zinaingia puani na kugusa neva zinazopeleka habari moja kwa moja katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo sababu harufu ya sabuni fulani inaweza kukukumbusha mama yako kabla hujajua unawaza nini. Sehemu nyingine ya chembe hizo inaingia katika mapafu, na kwa kupaka inapita katika ngozi mpaka kwenye damu. Kitu kinachofika kwenye damu kinaweza kusaidia, na kinaweza pia kuumiza.

Faida zilizopimwa

Waganga wamefanya majaribio mengi, lakini si rahisi kuyafanya vizuri. Katika majaribio ya vidonge, mgonjwa anaweza kupewa kidonge cha bure bila kujua. Kwa harufu, kila mtu anajua kama ameisikia au hapana. Kwa hiyo tunataja yale tu yenye msingi fulani.

*Wasiwasi na usingizi.* Lavanda ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Watu wengi hutulia wanapoisikia. Huko Ujerumani kuna pia vidonge vya mafuta ya lavanda vilivyopimwa kwa wagonjwa wa wasiwasi, na vilisaidia. Hivyo ni vidonge vilivyotengenezwa kwa kipimo. Haimaanishi unywe mafuta ya kwenye kichupa.

*Maumivu ya kichwa ya uchovu.* Katika miaka ya 1990, watafiti wa Ujerumani walipaka kwenye paji la uso mafuta ya mnanaa wa pilipili yaliyochanganywa na alkoholi kwa asilimia 10. Maumivu yalipungua karibu sawa na kwa kidonge cha parasetamoli.

*Tumbo lenye kusokota mara kwa mara.* Vidonge vya mafuta ya mnanaa, vilivyofunikwa ili vipasukie katika utumbo, vinawasaidia watu wenye tumbo la namna hiyo. Hivyo navyo vinatoka famasi, kwa ushauri wa munganga.

*Chunusi.* Nchini Australia, jaribio la mwaka 1990 kwa watu 124 lilionyesha kwamba dawa ya kupaka yenye asilimia 5 ya mafuta ya mti wa chai wa huko (usichanganye na chai tunayokunywa) inapunguza chunusi. Ilifanya kazi polepole kuliko dawa ya kawaida, lakini ilichubua ngozi kidogo zaidi.

*Jino.* Mafuta ya karafuu yana eujenoli, na waganga wa meno wanaitumia mpaka leo. Inatuliza maumivu kwa muda. Jino lililooza linabaki limeoza, na uvimbe wa taya unahitaji munganga.

*Mbu.* Dawa ya kufukuza mbu inayotengenezwa kutokana na mkaratusi wenye harufu ya ndimu, iliyosafishwa kiwandani, inakubaliwa na wataalamu, ila si kwa watoto wa chini ya miaka 3. Mafuta ya kawaida ya mchaichai yanafukuza mbu kwa muda mfupi tu, kisha yanaruka. Chandarua chenye dawa kinabaki kinga ya kwanza.

Mambo ambayo mafuta haya hayaponyi

Wauzaji hupenda kusema: «Mafuta haya yanaua mikrobi, imethibitishwa katika maabara.» Mara nyingi ni kweli. Lakini katika kisahani cha maabara, hata petroli na maji ya javel vinaua mikrobi, na hakuna anayevinywa. Swali ni kama dawa inaweza kuua mikrobi ndani ya mtu bila kumuumiza mtu mwenyewe. Kwa malaria, kifua kikuu, tifoidi, kolera, mpox, Ebola na ukimwi, hakuna mafuta ya harufu yanayofanya kazi hiyo. Hayaponyi kansa, na hayachukui nafasi ya dawa za sukari au za shinikizo la damu.

Hapa ndipo wengi wanapoteza watoto. Mtoto mwenye homa anapaswa kufika kwenye kituo cha afya na kupimwa malaria ndani ya saa 24. Malaria kali inaweza kumuua kwa muda mfupi sana. Siku mbili za kumpaka mafuta kifuani na kungoja ndizo siku alizohitaji dawa.

Neno pia kwa wanaowahudumia watu waliokimbia vita. Harufu nzuri inaweza kumtuliza mtu anayeketi na mshauri wake. Lakini kwa kuwa harufu inaamsha kumbukumbu, inaweza pia kumrudisha mtu mahali alipoumizwa. Muulize kwanza kama anaipenda, na umruhusu kukataa. Kumsikiliza mtu na kumpeleka kwa mshauri aliyefundishwa bado kunahitajika.

Namna ya kutumia bila kujiumiza

*Kunusa.* Tia tone 1 au 2 kwenye kitambaa au pamba, uiweke karibu nawe. Kama unatumia chombo cha kutoa mvuke chumbani, acha dirisha wazi na usipitishe dakika 30 kwa mara moja. Usiwashe makala ndani ya nyumba iliyofungwa ili kufukiza. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

*Kujifukiza.* Wengi wetu tulizoea kuinama juu ya sufuria tukiwa tumejifunika blanketi, hasa wakati wa Covid-19. Mvuke unaweza kulegeza pua iliyoziba, lakini hauponyi ugonjwa wenyewe. Hatari kubwa ni maji ya moto: sufuria ikipinduka, mtu anaungua mapaja na tumbo. Mtu mzima akitaka kujifukiza, aweke chombo juu ya meza imara, angoje maji yapoe kidogo, na afunge macho. Mtoto asifukizwe kabisa.

*Kupaka.* Usipake mafuta haya yakiwa matupu. Yachanganye kwanza na mafuta ya kawaida kama ya alizeti, ya karanga au ya zeituni. Kwa mtu mzima, matone 6 katika kijiko kimoja cha supu yanatosha. Hiyo ni kama asilimia 2. Kwa mtu mwenye ngozi laini au mzee, matone 3. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, ungoje siku moja. Ngozi ikiwasha au ikiwa nyekundu, acha. Usipake karibu na macho, ndani ya pua, ndani ya sikio, sehemu za siri, wala juu ya kidonda.

*Jua.* Mafuta yaliyokamuliwa kutoka maganda ya ndimu na ya bergamoti yanaifanya ngozi iungue juani. Ukiyapaka asubuhi na kwenda shambani, jioni unaweza kuwa na malengelenge na baadaye madoa meusi.

*Kunywa.* Usinywe, wala usiyatie katika chai, asali au maji. Muuzaji akisema kwamba ni ya asili, kwa hiyo hayawezi kudhuru, kumbuka kwamba muhogo mchungu nao ni wa asili, na mama zetu wanauloweka siku kadhaa kabla ya kuula.

Watu wanaopaswa kujilinda zaidi

Watoto wachanga na wa chini ya miaka 2: usiwapake wala kuwanusisha mafuta ya mkaratusi, ya mnanaa au yenye kafuri. Mentholi ikiwekwa karibu na pua ya mtoto mchanga inaweza kufunga koo na kusimamisha pumzi. Pomadi za kifua zenye mentholi na kafuri zina hatari hiyo hiyo. Kitovu cha mtoto aliyezaliwa karibuni kiachwe kisafi na kikavu. Kisitiwe mafuta yoyote ambayo kituo cha afya hakikutoa.

Wanawake wenye mimba na wanaonyonyesha: wasitumie bila kumuuliza munganga au mkunga. Kwa mama anayenyonyesha, chochote kilicho juu ya titi kinaingia kinywani mwa mtoto.

Wenye pumu: harufu kali, hata nzuri, inaweza kuwafungia kifua. Hili liangaliwe pia kanisani, kwa kuwa mtu aliyeketi katikati ya umati hawezi kutoka upesi.

Wenye kifafa: mafuta ya mkaratusi, ya rozmari na yenye kafuri yanaweza kuleta degedege.

Wanaotumia dawa za kulainisha damu: wajiepushe hasa na mafuta yanayoitwa kwa Kifaransa «gaulthérie», yanayouzwa kwa maumivu ya viungo. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta hayo kina dawa ya jamii ya aspirini inayolingana na vidonge 20 hivi vya miligramu 325. Mtoto akikinywa, anaweza kufa.

Mtoto akinywa mafuta haya

Mafuta ya mkaratusi yananukia kama peremende, na kichupa kinalingana na mkono wa mtoto. Hata chini ya kijiko kidogo kimoja kinaweza kumlevya vibaya. Dalili huweza kuanza kwa dakika chache: kikohozi, kutapika, macho mazito, kuyumba, degedege, kupoteza fahamu.

Fanya hivi:

1. Mwondolee kichupa, umpanguse kinywa.
2. Usimtapishe. Mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia katika mapafu na kuyachoma.
3. Usimpe maziwa, mawese wala dawa ya kienyeji.
4. Mpeleke mara moja kwenye kituo cha afya au hospitali, hata kama anaonekana mzima. Chukua kichupa ili munganga aone jina.
5. Akilala au akipoteza fahamu njiani, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe.

Mafuta yakiingia machoni, suuza kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpeleke kwa munganga. Yakichoma ngozi, panguza kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, halafu osha kwa maji na sabuni.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Weka kichupa juu, mahali palipofungwa, mbali na jiko na taa. Usimimine mafuta haya katika chupa ya soda au ya sirapu. Kifunike vizuri, kwa kuwa mafuta yaliyokaa wazi hewani na juani yanabadilika na kuwasha ngozi zaidi. Yakigeuka harufu, yatupe.

Wakati wa kununua

Soma maandishi. Kichupa cha kuaminika kina jina la mmea kwa Kilatini, sehemu ya mmea iliyotumika, nchi ulikotoka, namba ya kundi na tarehe ya mwisho, na kioo chake ni cheusi au cha kahawia. Jina la Kilatini ni muhimu, kwa sababu mikaratusi ni ya aina nyingi na mafuta yake hayalingani. Ukitia tone moja kwenye karatasi nyeupe na likaacha doa la mafuta siku nzima, huenda limechanganywa na mafuta ya kupikia. Lakini tone likikauka, hilo peke yake halihakikishi kwamba ni safi.

Jiulize pia kuhusu bei. Ikiwa fedha ya kichupa ndiyo fedha ya kumpima mtoto malaria, jibu liko wazi.

Je, ni mafuta ya upako?

Wengine wanayauza kwa kusema ni mafuta ya Biblia. Katika Kutoka sura ya 30, Musa aliagizwa kuchanganya manemane, mdalasini, kane na kida pamoja na mafuta ya zeituni. Lakini sura hiyo hiyo inakataza watu kujitengenezea mfano wake na kuwapaka watu wa kawaida. Mtu anayekuuzia kichupa kwa jina la sura hiyo hajaisoma mpaka mwisho.

Yakobo sura ya 5 inawaita wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Haisemi nguvu iko katika harufu, wala haimkatazi mgonjwa kwenda hospitali. Wazee wanaoifanya huduma hii wanaweza kutumia mafuta ya zeituni au ya kawaida ya kula, kidogo, kwenye paji la uso, bila kuongeza mafuta makali yanayoweza kumfungia pumzi mgonjwa wa pumu au mtoto.

Tena tumkumbuke Msamaria wa Luka sura ya 10. Alitia mafuta na divai kwenye vidonda vya yule mtu, kisha akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akalipia matunzo yake na kuahidi kurudi. Kama katika jirani zenu kuna mgonjwa anayepakwa mafuta nyumbani kwa sababu hana nauli ya pikipiki au fedha ya kituo cha afya, hilo ni jambo la kuleta mbele ya mashemasi wiki hii hii. Umoja wa wamama unaweza kuanza kwa kitu kidogo: sanduku la dharura la usafiri, na namba ya simu ya muuguzi wa karibu iliyoandikwa mlangoni mwa kanisa.